Mkono Ulioachwa Pembeni

Bukavu, 9 Juni 2023

Dada yangu mkubwa, Yaya Adélaïde,

Habari ya Nyantende? Mimi ni mzima, ila moyo haujapoa. Siku ya mahari ya Valérie, binti wa kaka yetu, nilikunyooshea mkono mbele ya wakwe, ukanipita kama ukuta. Nilisikia wakinong'ona: "Bale badada banachukiana." Usisingizie macho. Nilikupima mwenyewe hapa kliniki baada ya Pasaka: tension, ile presha ya ndani ya jicho, kumi na tano, macho yote mawili. Hayo ni macho mazima. Yako si ugonjwa, ni dharau.

Mdogo wako,
Georgette

Nyantende, 16 Juni 2023

Georgette,

Huku hatujambo, mvua imekatika. Sikukuona. Jumapili nilipotoka misani nilikanyaga kikapu cha nyanya cha Madeleine, kilikuwa hapa ubavuni. Akafoka: "Maman, siku hizi uko na kiburi hivi?" Na njia mbele yangu nilikuwa naiona vizuri! Lakini wewe una namba yako ya kumi na tano, lala nayo. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Simu yako nimeifunga. Usiniandikie.

Yaya wako,
Adélaïde

Bukavu, 3 Septemba 2023

Yaya,

Umeamkaje? Ulikataza nisiandike, naandika. Kile kikapu kilininyima raha, nikamwomba binti yako Fabiola akulete kwa Docteur David wa kliniki yetu. Ukachagua siku yangu ya mapumziko. Haya.

Docteur alipima unene wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Chako ni chembamba. Mashine ya tension inakisukuma. Kikiwa chembamba kinabonyea upesi, namba inatoka ndogo. Ni kama avoka ya ganda jembamba: inabonyea kidoleni, kumbe ndani bado ngumu. Tension yako ya kweli iko juu. Ni glokoma, nayo imeanza kula uwezo wako wa kuona pembeni. Kilichopotea hakirudi, dawa inalinda kilichobaki.

Siombi msamaha, nilisoma kilichosemwa na mashine. Lakini uliposikia kwamba chupa ya dawa niliitafuta mimi, uliiacha mezani! Nitukane upendavyo, ila utie dawa. Naogopa, Yaya. Nimempa Fabiola akuletee.

Mdogo wako,
Georgette

Nyantende, 20 Novemba 2023

Georgette,

Tuko wazima, maharage yamekubali. Mlinitangaza mwenye kiburi parokia nzima kwa sababu ya namba. Sijakusamehe. Dawa natia kila jioni, inawasha kama pilipili, na siitii kwa ajili yako.

Harusi ya Valérie inakaribia. Najua utakuja. Usinitokee ubavuni. Simama mbele yangu, katikati kabisa, ndipo unyooshe mkono wako. Nataka kuuona vizuri nikiukataa.

Yaya wako,
Adélaïde