Kifo cha Ngoy Kwenye Kichuguu cha Kapata

Kolwezi, 11 Novemba 1975. Yamesemwa mbele ya Ajida Banza, kituo cha askari wa jandarmeri.

Naitwa Citoyenne, yaani Raia, Bilonda Mbelu, miaka 36, mshonaji, mkazi wa Kapata. Mshtakiwa Badibanga ni mume wangu, mfanyakazi wa kampuni ya migodi, na nyumba tunayokaa ni ya kampuni. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuletwa na mtu.

Kati ya uwanja wetu na wa jirani yetu Ngoy Mukalay kuna kichuguu. Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi wanatoka, na kila mwaka wanaume hawa wawili waligombana nani awakamate. Mimi na Ndaya, mke wa Ngoy, tulikuwa tunawacheka, maana wadudu wale walitosha nyumba zote mbili.

Mnamo tarehe 9 Novemba, saa kumi alasiri, mvua ilikatika. Nilikuwa barazani nashona. Ngoy alifunika kichuguu kwa blanketi, akachimba shimo pembeni ili kumbikumbi waangukie humo. Mume wangu akatoka na jembe. Alisema, "Toka, hii kichuguu iko yangu." Ngoy alikuwa amechuchumaa, wala hakuinuka. Alijibu, "Tata Badibanga, leta sahani, tutakula bote." Mume wangu alimpiga kichwani, akampiga tena. Nilikimbia kumshika mkono, nikachelewa. Ndaya alikuja mbio, na Ngoy akafia mapajani mwake.

Ngoy hakuwa na panga. Panga mliloliokota pale ni langu. Shemeji yangu Mulumba alilitoa jikoni kwangu akaliweka karibu na maiti. Nilimwona kwa macho yangu.

Jana wakubwa wa ukoo wa mume wangu walikaa kwangu. Mulumba aliniambia, "Mama Bilonda, sema Ngoy njo alianza na panga. Bwana akifungwa, kampuni itabeba nyumba. Utalala na batoto wapi?" Nilimjibu, "Nitalala fasi nitapata. Lakini Ndaya hatazika bwana yake na hiyo uongo yenu."

Sisi tumetoka Kasai, Ngoy alikuwa mwenyeji wa hapa; sasa wananiita msaliti wa watu wa Kasai. Jembe lilishikwa na Badibanga, si na Kasai.

Umeniuliza kama namchukia mume wangu. Nampenda. Na amemuua mtu aliyemkaribisha kula.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sipunguzi neno.

(Saini) Bilonda Mbelu

Maelezo yamesomwa kwa shahidi, akayakubali. Shemeji yake Mulumba, aliyekuwa mlangoni, aliomba shahidi apewe siku moja ya kufikiri. Shahidi alitia saini kabla sijamjibu. Mulumba amezuiliwa kuhusu panga.
Ajida Banza