Bodi Iliyonyamaza

Jumanne, 15 Julai 2025

Leo nimefagia! Code ya serial port, tundu la waya wa kutolea maneno, ilikuwa imetapakaa kote kwenye kernel yetu, kiini cha mfumo wa kompyuta tunaoujenga — kipande huku, kipande kule. Nimeikusanya yote kwa faili moja. Ile sehemu ya kufungua port nimeishusha chini, ifanyike baadaye pamoja na vifaa vingine. Safi kabisa. Nimejisifu wee, peke yangu.

Jumatano, 16 Julai

Kernel imekufa. Waya wa serial ndio mdomo wake kabla skrini haijaamka, na leo hautoi hata neno lake la kwanza, lile "Niko hapa" aliloandika Kepher kwa utani. Kepher mwenyewe aliuchomelea upya huo waya jana kwenye bodi, ile kompyuta ndogo tunayojaribia. Akashika kichwa: eti ameiunguza! Bodi tunayo moja tu. Mwalimu Kiptanui, msimamizi wetu, amefoka — Jumatatu anamtoa Kepher kwa project, arudie mwaka.

Nikamwambia Kepher pole.

Alhamisi, 17 Julai

Ni mimi. Kernel inajaribu kusema kabla port haijafunguliwa, halafu inangoja milele. Ni kwa sababu niliishusha ile sehemu ya kuifungua. Nitamwambia kesho.

Ijumaa, 18 Julai

Sikumwambia.

Jumamosi, 19 Julai

Quinter, mwenzetu kwenye project, anasali Sabato na kina Kepher. Amenipigia. Eti leo Kepher alisimama kanisani akaomba aombewe, ameharibu kazi ya wenzake. Kanisa zima likapiga magoti. Mimi ni mwoga. Mwoga, na mbaya.

Jumapili, 20 Julai

Niko nyumbani Boito, na bodi nimekuja nayo. Nimerudisha ile sehemu juu, mahali pake. Nikawasha. "Niko hapa"! Maneno yakamwagika kwenye laptop. Bodi ni nzima, na kazi ya mkono wa Kepher haina kasoro. Nikalia.

Halafu mbwa wakabweka. Mama akasema nina wageni — Kepher, na baba yake, mzee Okeyo wa kiwanda cha chai cha hapa, amevaa koti la kanisa! Wako sebuleni, mimi nimejifungia chumbani. Nawasikia. Mzee anasema kijana wake hakukusudia, amemleta aombe msamaha mbele ya wazazi. Mama anasema hayo yameisha, karibuni chai. Mzee anakataa. Hawataonja kitu mpaka nitoke niseme kwa mdomo wangu nimemsamehe Kepher.

"Chepkemboi! Unafanya nini huko? Kuja usalimie wageni!"

Bodi inawaka hapa mezani. Nimeishika, nimeiacha. Nimeishika tena.

Mama anaita. Chai inapoa —