Foleni ya Choo cha Wanawake

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu katoka kwa daktari. Maambukizi ya njia ya mkojo, tena! Daktari kamwambia zinazofuata ni figo. Kamuuliza, unabana mkojo? Kasema ndiyo, asubuhi hadi jioni. Maji hanywi. Anashona kwa fundi ghorofa ya kwanza, mimi nasugua vyoo chini yake, jengo hilo hilo. Miaka kumi na mmoja natunza mikojo ya watu nisiowajua, na wangu wa kumzaa kabana juu ya kichwa changu. Mama gani mimi!

Nilimzaa wakasema mvulana. Alipofika ishirini akaniambia, mama, mimi ni binti. Nililia wiki nzima, nikachoka, nikaenda kumnunulia gauni. Baya! Maua makubwa kama pazia la ukumbi. Kalivaa hivyo hivyo.

Sasa choo. Cha wanaume walimrushia maji juu ya mlango wakicheka. Cha wanawake anaogopa watapiga yowe. Basi anabana. Nimemwambia mkojo si mali ya urithi, unamtunzia nani? Hakucheka.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata akili! Kwetu wasafishaji, dekio likilazwa juu ya ndoo mlangoni, hapiti mtu. Hata mwenye jengo atarudi. Basi — ananibipu, nalaza dekio, anaingia cha wanawake peke yake, mimi nje nagongagonga ndoo kama niko kazini. Dakika tatu tu. Mwanamke mmoja kabanwa, anacheza miguu, kaniita mchawi. Nikamwambia pole dada, sakafu inateleza. Sakafu kavu kama mdomo wa aliyefunga!

Jioni kanywa glasi mbili za maji mbele yangu. Nusura nipige vigelegele.

Alhamisi, 6 Machi

Mara nne leo. Mama Mawigi, yule muuza nywele za bandia karibu na ngazi, kaniuliza nasugua nini humo, dhambi? Nikamwambia za kwako, ndiyo maana haziishi. Kacheka hadi kashika ukuta. Ananipenda yule. Hajui.

Na msimamizi wetu! Kila akipita analikuta dekio. Kasema mama, wewe ni mfano, wenzako wa juu wanasinzia. Nimesifiwa kwa uongo. Tamu kidogo, nisijidanganye.

Jumamosi, 8 Machi

Tumegombana. Alikuwa anapiga pasi. Kasema mama, dekio sitaki tena. Kwani limekukosea nini? Kasema unanifungia choo kama mgonjwa wa kipindupindu. Nataka kupanga foleni kama wenzangu.

Nikasema watakutukana. Kasema njiani wananitukana kila siku, angalau pale nitakuwa nimekojoa.

Kisha kaniuliza — kwa upole, ndipo paliponiuma — mama, pale kazini wangapi wanajua mimi ni wako?

Nikasema ngoja, mboga inaungua. Hata jiko sikuwa nimewasha.

Hakuna anayejua. Miaka sita nasema "mwanangu anashona mahali fulani", basi. Na kwa lile dekio nilidhani namficha yeye.

Jumapili, 9 Machi

Hatusemeshani. Kala, kaosha vyombo vyake, kaosha na vyangu. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika juu ya goti, nimekaa kwenye ndoo, mlangoni mwa choo cha wanawake. Nisipoandika nitapiga mtu.

Kashuka saa saba, foleni ikiwa ndefu kuliko zote. Kusudi! Vyumba ni viwili na kimoja kimeziba tangu Ijumaa. Wanawake saba, yeye kasimama wa mwisho. Mimi nasugua bomba ambalo lilishatakata zamani. Mama Mawigi kamtazama toka miguu hadi kichwa, kasema, kaka, umepotea? Vicheko. Mwingine kasema aitwe mlinzi. Mwanangu katazama ukuta tu. Kisha wote wakanigeukia — wewe ndiye mwenye choo, sema!

Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya kuku. Nikarudia: huyu ni binti yangu.

Mama Mawigi kauliza, wako wa kumzaa? Nikasema wa kumzaa, tena kwa kisu, nikuoneshe mshono? Nikashika pindo la sketi. Wakasema basi, basi!

Wawili wakasusa wakatoka. Wamerudi. Waende wapi? Choo kingine hakuna, na kibofu hakina msimamo.

Zamu yake ikafika. Kaingia, kafunga komeo. Hapo hapo mlinzi huyu, kumbe mtu kaenda kumwita. Anataka kuingia amtoe. Nikamwambia wewe mwanamume, hiki choo cha wanawake, huna haya? Kaenda kumtafuta mlinzi mwenzake wa kike, na msimamizi juu yake. Kazi yangu sijui kama itaamka kesho.

Mama Mawigi alishamaliza haja yake. Kasimama kando yangu. Haondoki.

Na mle ndani kimya. Mkojo umemkataa! Namjua, toka mdogo hawezi mtu akimsikiliza. Nikafungua bomba nimpe kelele — maji yamekatika. Leo! Nikamwambia kupitia mlango, kojoa mama, hawa wote wanakojoa, hata huyu wa mawigi. Mtu kacheka. Ngazini viatu vinashuka, vizito, vingi.

Foleni nzima tunasikiliza mlango mmoja.

Haya — chururu! Wa tangu asubuhi huo, hauishi.

Viatu vimefika. Nimenyoosha mkono bila hata kusimama: subirini, bado anakojoa.