Fainali ya Wanawake na Zawadi ya Sufuria

Mama Kaltum mpendwa,

Pokea salamu kutoka Homa Bay, na unishike mkono kwa maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mwalimu, nacheza tenisi, na Jumapili ijayo nakutana katika fainali ya wanawake na Milka, mwalimu wa Rangwe, ambaye amenishinda miaka mitatu mfululizo lakini mwaka huu nimefanya mazoezi mpaka viganja vimeota sugu na najua namweza. Sasa kamati ya mashindano imetangaza kwamba bingwa wa wanaume atapata shilingi mia mbili na wa wanawake sufuria, tena sisi tutacheza saa sita, jua la utosini, wageni wakila, na tukimaliza tuwaandalie wanaume chai. Milka alikuja kwangu akasema, "Nyaminwa, dada yangu, sisi wote tukatae. Wakitupatia kama wanaume, tutacheza." Nilikubali kwa mdomo, ila moyoni nashuku anaogopa kushindwa, na mume wangu Javan, aliye katika hiyo kamati, ameniambia, "Mama Bichage, pesa ni ya nini na mimi niko? Watu wanakuja kuona wanaume." Iliniuma sana, lakini nikikataa nitamwaibisha na pengine sitapata tena nafasi ya kumshinda Milka, na nikicheza nitakuwa nimemsaliti mwenzangu. Nifanyeje?

Mama Bichage, Homa Bay, Julai 1968

Mama Bichage,

Pole. Kutamani kushinda si dhambi, na jasho lako linastahili watazamaji. Lakini kwa Milka umekosea, tena sana. Bingwa ni yeye. Akikataa kucheza, anauweka chini ubingwa alio nao. Wewe unaacha matumaini tu. Huo ndio woga? Acha kumshuku, wala usimwambie uliwaza hivyo, mtakorofishana bure.

Huyo Javan nimemsikia. Mshahara wako wa ualimu ukifika mwisho wa mwezi, huwa anauliza ni wa nini? Mweleze leo kwamba umeungana na Milka, kwa upole na uso kwa uso, asije akayasikia kwenye kamati. Kisha nendeni wewe na Milka kwa mwenyekiti, mtake zawadi sawa na saa ya jioni, na chai waandae wengine. Wakikataa, Jumapili vaeni nguo zenu za mchezo, mkae mbele kabisa watu wawaone, na msiingie kiwanjani. Atakayeuliza, mjibuni kwa sauti.

Jumatatu mkitoka shuleni, tafuteni kiwanja popote mcheze bila kamati. Na hapo, mama, usimhurumie Milka hata kidogo.