Jina ya Muzima Juu ya Uso ya Mufu

Mama Henriette, mushauri wetu wa redio, nakuomba unisikie mpaka mwisho juu nimechoka, mi Tata Ngeleka wa Musonoi, ule mwenye alisukumaka camion ya madini peke yake, dereva akiwa ndani, na kwa Facebook pia hakuna mwenye ananipita, picha yangu moja inabeba majina makumi nane, hata ya batu benye hawakukuwa pale, juu ukibandika jina ya mutu kwa picha, atakuja tu kuangalia.

Kaka yangu Stanislas alikufa tangu miaka tano. Wiki yenye ilipita, siku ya kumukumbuka, nikatia picha yake ya ujana, nikaandika "Ametuacha," lakini mufu hana compte ya Facebook, uso ikabakia bila jina, ikaniuma, nikasema mutoto njo uso ya baba yenye kubakia, nikabandika pale jina ya mutoto wake Rémy, mwenye anafanya kazi mbali, Kisenge, kule network inakuja na kupotea, na wanafanana sana. Mama, saa moja haikupita, bamama ba mutaa ya Manika bakaingia na kilio kwa Mujinga, bibi ya Rémy, bakatosha viti inje kama kwa matanga, Mujinga akaanguka chini. Siku ya tatu Rémy akashuka kwa camion, akakuta mama yake Odile analala chini kwa kumulilia.

Odile akauliza: "Nani ameliza batu juu ya mutoto wangu muzima? Alete kuku mweupe ya kuomba musamaha, aseme na kinywa yake!" Mi nikajibu: "Ni bezi, bameingia kwa compte yangu. Marlène njo alinifunguliaka hii telephone, anajua code." Marlène, binti ya dada yetu! Sasa Odile amemukataza kukanyaga lupango ya nyumba yake. Nifute picha ninyamaze? Nikisema ukweli, batu hawataamini tena hata ile ya camion.

*

Tata Ngeleka, pole kwa kaka yako. Pole imeisha hapo.

Ile ya camion hakuna mwenye aliiamini, kwa hiyo huna cha kupoteza. Na wale makumi nane, uliuliza hata mmoja? Mutu akigusa ile uso, anasoma huyu ni nani. Hasomi moyo yako.

Picha usiifute, watasema unaficha. Toa jina ya Rémy, andika chini: huyu ni Stanislas, alikufa tangu miaka tano, Rémy ni muzima, kosa ni yangu. Halafu tafuta kuku. Nenda kwa Odile muchana, batu wakiwa pale, Marlène pembeni yako, useme: "Ni mi." Usiongeze hadithi, nakujua.

Na usichelewe, tata. Jina ya Rémy utaitoa na kidole. Ile ya Marlène, yenye ulibandika juu ya kosa yako, inatoka na kinywa tu.