Neno Baada ya Kumeza

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu amepata kazi! Uuguzi, kituo cha tiba ya uraibu, anaanza wiki ijayo. Miaka kumi na mmoja hajashika sindano — watoto, kisha mimi na maradhi yangu. Mikono imeota kutu, anasema. Nikamwambia ajifunzie kwangu. "Basi Mama utakuwa msasa wangu!" Tumecheka mpaka nikakohoa.
Daktari kanipa wiki, si miezi. Na kuna jambo sijamwambia.

Jumanne, 4 Machi
Kanifunga mpira mkononi kutafuta mshipa. Hakuchoma — alipapasa tu, macho kafumba. Mishipa yangu siku hizi ni nyuzi. Mara ya tatu akaupata! Vidole nilivyovifundisha kushika kijiko vinasoma damu yangu. Nilisahau maumivu.
Dozi ndizo zinamtisha. Kabandika hesabu juu ya sinki la jikoni. Mumewe kauliza chumvi iko wapi, kajibiwa, "Mililita nne."

Alhamisi, 6 Machi
Zoezi la methadoni, dawa ya kuwaachisha watu heroini. Siku zetu za uuguzi haikuwapo. Mraibu anakuja kila asubuhi, anasalimiwa kwa jina lake, anakunywa dawa mbele ya muuguzi. Kisha lazima aseme neno, ijulikane amemeza, hakuificha mdomoni akaiuze. Kwa jina lake! Sisi tuliwafukuza getini. Na mimi nilikuwa nani wa kumfukuza mtu?
Nikawa mgonjwa. Maji ya sukari kikombeni. "Haya bibie, sema chochote." Nikasema kesho mvua. "Umepita! Laiti wote wangekuwa waaminifu kama wewe, Mama."


Ijumaa, 7 Machi
Niandike, mkono ungali unatii. Nilikuwa muuguzi mkuu, wodi ya upasuaji. Baada ya kumzaa yeye, mgongo. Pethidini, sindano ya maumivu makali. Mgonjwa akiandikiwa nusu ampuli, nusu kichupa, nusu iliyobaki humwagwa mbele ya shahidi, naye hutia sahihi. Shahidi wangu alikuwa mwenzangu tuliyemwita Kasuku, kwa kuimba kwake. Alitia sahihi bila kutazama — aliniamini. Sikumwaga; nilijidunga. Miaka miwili.
Mabomba ya sindano yalipokutwa kwenye kabati letu la pamoja, aliulizwa yeye kwanza. Nilinyamaza. Kafukuzwa kazi, jina limechafuka, kafa nalo.
Niliacha peke yangu. Siku tisa za kutetemeka sakafuni. Nikasema ni malaria. Binti yangu, miaka mitatu, alinifuta jasho kwa kitambaa chake cha doli. Muuguzi wangu wa kwanza. Hajui.

Jumapili, 9 Machi
Kesho! Sare imepigwa pasi, imetundikwa mlangoni kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Anataka zoezi la mwisho. Kaniambia anaogopa — atawatazamaje watu waliowaibia hata mama zao? Nikamwambia, kama unavyonitazama mimi. Hakuelewa.
Nimekunywa. Daftari liko magotini. Anasubiri, kalamu juu ya fomu.
"Sema neno, Mama. Mgonjwa haandiki barua hapa!"
Nimemeza. Mdomo mtupu kabisa.
Nimesema: Kasuku hakuiba.
Ameacha kucheka. "Kasuku yupi? Yule wa wodini kwako? Nani, basi?"
Nimesema, mimi.
Kalamu kaiweka chini. Kavuta kiti. Kanishika mkono wa kushoto, vidole viwili juu ya mpigo — ananihesabu, macho yake usoni kwangu, na haachi —