Mume Wangu Hataki Programu ya Kumsomea

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia nikiwa sina wa kumwambia, naomba unishike mkono kwani nimefika mahali sijui niende mbele au nirudi nyuma.

Mimi na mume wangu tunatengeneza kurasa za tovuti, kazi aliyonifundisha yeye mwenyewe, tunakaa chumba cha mbele, meza mbili zimepeana migongo, na maisha yalikuwa mazuri tu mpaka macho yake yalipoanza kufifia pembeni, akawa anagonga fremu ya mlango halafu anaulaumu mlango, nikamburuta hospitali, daktari akatuambia ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, ila matone ya asubuhi na jioni yatalinda kilichobaki. Sasa yeye anaandikia kodi, yale maandishi ya kuijenga tovuti, kwenye programu ya kizamani, nyeusi tupu, haikuambii umekosea wapi, na mimi nimepata nyingine inayosoma kila mstari kwa sauti na kukutajia alama uliyosahau kufunga, lakini nikiitaja tu ananijia juu, "Hii yangu naijua kama mfuko wa suruali yangu, na mimi sikusoma ili nije kusomewa kama mtoto wa chekechea!" Basi nikawa nasahihisha kazi zake kwa siri akienda kuoga, na yeye anawatambia wateja kwamba mkono wake haujawahi kukosea.

Juzi juzi alikuwa anatengeneza ukurasa wa shule ya udereva, akaandika kichwa cha habari akasahau kukifunga, na wewe huenda hujui, Mshauri, kichwa kisipofungwa maneno yote yanayofuata nayo yanageuka kichwa, yanakuwa makubwa na manene, basi alipoufungua nikasikia kelele, "Mama watoto, njoo! Nasoma! Nasoma mpaka chini kabisa, macho yamepona!" Akacheka, akampigia kaka yake simu huku machozi yanamtoka, akanikumbatia, na mimi niliyeona palepale kwamba alama imekosekana, nikasema, "Mungu mkubwa." Tena sikuishia hapo, kesho yake nikakuza maandishi ya kompyuta yake yote ili furaha isimkatike.

Sasa matone ameyatupa, anasema dawa ni ya wagonjwa, na miadi ya daktari hataki hata kuisikia. Shemeji, huyo kaka yake, naye ananiambia nimwachie programu yake, eti mwanaume hanyang'anywi chombo chake cha kazi. Niambie, nimwekee ile mpya kwa nguvu, au nimwache na yake apate raha kidogo?

Mimi, Mke wa Fundi

Mke wa Fundi, pole. Barua yako imeniuma, hasa pale alipompigia kaka yake simu. Lakini pole yangu inaishia hapo, maana wewe unauliza rangi ya pazia na nyumba inaungua.

Umemsitiri mumeo mpaka umemdhuru. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapo kwenu mnaficha wawili. Raha kidogo unayoisema, analipia kwa macho yaliyobaki, na kila asubuhi isiyo na matone inakula kipande kingine ambacho hakuna hospitali itakayokirudisha. Ulijua hayo ulipokuza yale maandishi. Ulijua, mama!

Mwambie leo, usingoje kupata maneno matamu. Rudisha maandishi yawe kama yalivyokuwa, mwonyeshe ule mstari wa kichwa kama alivyouandika yeye. Ni fundi, kosa la kodi ataliamini kuliko maneno yangu na yako. Usiiachie ile programu mpya ikusemee, sema mwenyewe kwamba uliona ukanyamaza. Atafoka, huenda akasusa chakula na kuhamia sebuleni. Vumilia, hiyo ni haki yake.

Halafu daktari, wiki hiihii. Huyo shemeji mwenye maneno mengi mpe kazi: yeye ndiye amshike mkono mdogo wake mpaka kwenye kiti cha daktari, ushauri wa programu atuachie sisi.

Programu chukua ile inayosoma. Hilo halina mjadala, maana kujifunza sasa, macho yakiwa bado yanasaidia kidogo, ni tofauti kabisa na kujifunza gizani. Ile ya zamani usiifute, mwachie, ataiacha mwenyewe. Na hii mpya iweke hata kwenye meza yako, nawe usomewe kila mstari, asijione mtoto wa chekechea peke yake. Kazi zake usizisahihishe tena kwa siri, akikosea mwambie papo hapo kama yeye alivyokuwa akikuambia ulipokuwa mwanafunzi wake.

Unaogopa uso wake utakavyobadilika ukimwambia. Hiyo hofu ni yako, usimtwishe yeye. Kaa mbele yake mchana kweupe, usogee karibu, umwambie. Uso wako bado anauona.